Kliniki ya daktari wa ubongo na mgongo: daktari yuko vizuri sana, kusubiri ndo kunaumiza watu

Nawapa nyota 3 kati ya 5, na zote tatu ni za daktari mwenyewe na sista mmoja aliyekuwa zamu siku ile. Mbili nilizowanyima ni kwa jinsi mgonjwa anavyosubirishwa pale bila kuambiwa kitu. Hospitali siitaji jina, ni mojawapo ya hizi zetu za Arusha na Moshi, nimeongea na watu waliopita kwingine wamenisimulia yaleyale kwahiyo sitaki mtu akimbie huduma kwa maneno yangu, nataka anayempeleka mzazi au mtoto wake ajue anaenda kukutana na nini, na wahusika wakisoma warekebishe maana mengi ya haya hayahitaji hela.

Niliyempeleka ni mama yangu mzazi. Anaishi Marangu, mtu wa shamba, migomba yake na ng'ombe wake, sio mwanamke wa kulalamika hovyo. Akaanza kusema miguu inakuwa mizito, akitembea kidogo tu inabidi atafute pa kukaa ndo aendelee, kiuno kinavuta na unyayo wa kushoto una ganzi. Zahanati wakampa diklofenaki, hospitali ya wilaya wakapiga eksirei wakasema pingili zimesagika, wakatuandikia kwenda mkoa, mkoa nao wakaandika rufaa aende kwa bingwa wa upasuaji wa ubongo na mishipa ya fahamu. Mama kusikia ubongo akashtuka sana, akawa ananiuliza njia nzima kwani kichwa changu kina nini. Ikabidi nimweleze kwamba hawahawa wa ubongo ndo wanaoshughulika na uti wa mgongo, na neva zinazotoka mgongoni kwenda mikononi na miguuni. Nasema hili mapema maana pale kwenye benchi nilikuta wazee kadhaa wana hofu hiyohiyo na hakuna aliyewatoa hofu.

Sasa watu wakisema "nimesubiri daktari wa ubongo" huwa wanahesabu masaa ya kwenye benchi. Hayo ndo madogo. Kusubiri kwenyewe kunaanza ile siku unatoka zahanati, maana kila ngazi ina foleni yake: zahanati, kituo cha afya, hospitali ya wilaya, hospitali ya mkoa kama Mawenzi kwa watu wa Kilimanjaro na Mount Meru kwa watu wa Arusha, halafu kanda ambayo kwa huku kaskazini ni KCMC, na juu kabisa ndo hizi za taifa Dar, Muhimbili na MOI. Mwenye bima akiruka ngazi, dirishani wanamuuliza rufaa iko wapi. Mwenye hela mkononi anaweza kwenda private moja kwa moja, ila na huko usidhani bingwa amekaa anakusubiri, sehemu nyingine anakuja kwa siku maalum na ukiikosa siku hiyo ndo mpaka nyingine.

Na sababu kubwa iko wazi kabisa, hawa madaktari ni wachache mno. Kiwango kinachotajwa sana duniani ni daktari mmoja wa upasuaji wa ubongo kwa kila watu 200,000. Chukua sensa ya 2022, Tanzania tulikuwa zaidi ya watu milioni 61, piga hesabu utaona tunatakiwa kuwa nao zaidi ya 300, na hatuko hata karibu na hapo. Arusha ilihesabiwa watu zaidi ya milioni 2.3 na Kilimanjaro zaidi ya milioni 1.8, mikoa hii miwili peke yake ingetaka madaktari kama 20 hivi, na hapo hujaweka wanaokuja kutoka Manyara na Tanga na Singida. Kumpata mmoja inabidi asome udaktari, afanye intaniship, arudi tena kusomea ubingwa miaka mingine mingi. Kwahiyo mimi simlaumu daktari hata kidogo kwa foleni kuwa ndefu, huyo mtu anabeba mzigo wa watu kumi. Ninacholaumu ni namna foleni yenyewe inavyoendeshwa.

Siku ya kliniki tulitoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri ili tuwahi, kufika tukakuta watu wameshajaa, wengine wamelala palepale kwenye korido wakijifunika vitenge. Mapokezi unatoa rufaa, unafunguliwa faili, unaenda dirisha la bima, unarudi, unapewa namba. Hadi hapo hakuna shida, wale vijana wa mapokezi wanaongea vizuri na kuna bango la kupisha wazee na kweli mama alipishwa. Ukishafika sasa kwenye korido ya kliniki ndo unaingia gizani. Saa mbili ikapita, saa tatu, saa nne, mlango wa daktari umefungwa na hakuna anayesema chochote. Watu wanaulizana wenyewe kwa wenyewe, mara daktari yupo kwenye mizunguko wodini, mara kasafiri, mara leo hakuna kliniki kabisa. Mzee mmoja ametoka Kiteto na mwanae, wamelala gesti, kila dakika anamuuliza mwanae kama warudi tu.

Nikamfuata sista nikamwambia dada samahani, tunaomba tu kujua daktari yuko wapi. Akanijibu vizuri tu kwamba kaingia chumba cha upasuaji tangu usiku, kaletwa kijana wa bodaboda kaumia kichwa. Aisee, palepale hasira zote zikaniisha. Maana ajali ya kichwa haina kusubiri, damu ikivujia ndani ya fuvu inaubana ubongo, na hapo wanahesabu masaa, wakichelewa kufungua mtu anakufa au anabaki na ulemavu. Nikarudi kwenye benchi nikawaambia wenzangu, na kila mtu akatulia, yule mzee wa Kiteto akasema basi Mungu amsaidie huyo mtoto, tutakaa. Unaona? Watu hawana roho mbaya, wakiambiwa wanaelewa. Ila sentensi hiyo moja ilitakiwa isemwe saa mbili asubuhi kwa sauti mbele ya korido nzima, siyo mpaka mtu mmoja ainuke akaulize.

Kitu kilichoniuma kuliko vyote lakini ni cha mtoto. Mbele yetu alikaa dada mmoja amemfunga mtoto mgongoni kwa kanga, mtoto wa miezi michache, kichwa kikubwa, macho yanaangalia chini muda wote kama yanazama, na kila akinyonya anatapika. Alikuwa na namba kama sisi, na namba yake ilikuwa nyuma huko kwa sababu alichelewa basi. Hakuna mtu wa hospitali aliyepita kwenye yale mabenchi kuangalia nani amekaa pale na ana hali gani. Mama yangu ndo aliniambia mwanangu, yule mtoto siyo usingizi ule, yule analegea. Nikaenda tena kwa sista, na hapa ndo nampa nyota yake, alikuja mbio, akamshika mtoto utosini, akauliza maswali mawili, akambeba yeye mwenyewe kumpeleka dharura. Baadae tukasikia mtoto alishawekewa mpira kipindi cha nyuma, ule unaotoa maji kwenye ubongo kuyapeleka tumboni, na mpira ulikuwa umeziba. Mpira ukiziba yale maji yanajaa upya kichwani na ile ni dharura kamili, siyo mgonjwa wa kungojea namba.

Kwahiyo swali langu kwa uongozi ni hili: ingekuwaje kama mama yangu hakumwona? Namba inapangwa kwa nani kafika kwanza, wakati ubongo na uti wa mgongo havijali nani kafika kwanza. Nesi mmoja tu akipita kwenye benchi saa moja asubuhi na karatasi, anauliza kila mtu una shida gani, imeanza lini, imebadilika juzi hapa au ni ileile, anawatenga wanaotakiwa kwenda dharura na wanaoweza kungoja, basi. Kule dharura mbona wanafanya hivyo kila siku, wanapanga wagonjwa kwa uzito wa hali. Kliniki ya daktari wa ubongo inahitaji kitu hichohicho pengine kuliko kliniki yoyote.

Na kwa sisi wagonjwa, haya yafuatayo niliyauliza kwa daktari na naomba myashike, maana kuna watu wanakaa nyumbani wakisubiri tarehe ya kliniki wakati hawatakiwi kusubiri hata siku moja. Mwenye shida ya mgongo akianza kushindwa kuzuia mkojo au haja kubwa, au mkojo ukagoma kutoka kabisa, au akapata ganzi sehemu zile anazokalia na sehemu za siri, au miguu ikaishiwa nguvu ghafla, huyo aende dharura leo leo usiku huohuo. Neva za chini zimebanwa na zikikaa hivyo muda mrefu hazirudi. Mtu aliyegonga kichwa akazinduka akawa sawa halafu baadae anaanza kusinzia, kutapika, kuchanganyikiwa au kupata degedege, dharura. Maumivu ya kichwa yanayokuja ghafla makali kuliko yote uliyowahi kupata maishani, dharura. Mtoto mchanga kichwa kinakua haraka, utosi umevimba, anatapika, analala sana, usisubiri rufaa izunguke ngazi zote, mpeleke hospitali kubwa iliyo karibu na useme hizo dalili kwa mdomo wako. Hapo tarehe ya kliniki haina maana yoyote.

Daktari alikuja baada ya adhuhuri. Alionekana amechoka mpaka macho mekundu, lakini kabla hajaingia ndani alisimama akasalimia wazee wote shikamooni, akaomba radhi kwa kuchelewa akasema alikuwa na mgonjwa mahututi. Mama alipoingia sikutegemea atapewa muda, nikajua ataandikiwa kipimo tutolewe. Wapi, alimkalisha akamuuliza taratibu, na swali lililonishangaza alimuuliza mama, ukitoka kwako kushuka kwenda barabarani na ukirudi kupanda, wapi miguu inakusumbua zaidi? Mama akajibu bila kufikiri, kushuka. Kupanda najikunja kidogo naenda, kushuka ndo nasimama. Mimi miaka yote hiyo sijawahi kulisikia hilo. Daktari akamweleza kwamba njia ya neva mgongoni inakuwa imekuwa nyembamba kwa umri, mtu akinyooka au akishuka mteremko inabana zaidi, akiinama au akikaa inaachia, ndo maana anatafuta pa kukaa. Akampima nguvu za vidole vya miguu, akamgonga magoti na kinyundo, akapita na kitu chenye ncha kwenye unyayo, akamtembeza kwa visigino. Kisha akasema tupate MRI, kile kipimo cha picha za ndani ya mwili kinachotumia sumaku, ndo aseme kwa uhakika.

Na alisema jambo ambalo nadhani lingepunguza hii foleni kama lingefahamika huko chini. Wengi wanaokuja na maumivu ya mgongo yanayoshuka mguuni kwa sababu ya diski, ile mito laini iliyo kati ya pingili, hasa vijana na watu wa makamo, hupona wenyewe ndani ya wiki 6 mpaka 12 kwa dawa za maumivu, mazoezi na kuendelea kujishughulisha bila kulala kitandani kutwa, hawahitaji kisu kabisa. Na kwamba MRI ukimpiga hata mtu asiye na maumivu yoyote unaweza kukuta diski zimetokeza, kwahiyo picha peke yake haimpeleki mtu upasuaji, wanaoanisha picha na dalili. Sasa fikiria ni wangapi wanapewa rufaa kwa sababu karatasi ya kipimo imeandika diski imetokeza, wakati walitakiwa kwa mtu wa mazoezi ya viungo wilayani kwao. Hao wanajaza benchi, na yule mtoto wa mpira anakaa nyuma yao.

MRI ndo foleni ya pili. Dirisha la bima wakatuambia kipimo kinataka kibali, kibali kikachukua siku zake, kikatoka tukaambiwa mashine ina orodha, tukapangiwa. Kipimo chenyewe hakina shida, unalala kwenye bomba, kelele nyingi kama mtu anagonga bati, wanakuziba masikio, mama alisali rozari mpaka kikaisha. Mwenye kifaa cha moyo au chuma mwilini aseme kabla. Majibu nayo yakasubiriwa mpaka mtaalamu wa picha aandike, kisha unasubiri siku ya kliniki inayofuata ndo uonane na daktari. Kila kipande ukikiangalia peke yake unasema sawa, vikijumlishwa ndo unakuta msimu wa mvua umeanza na umeisha.

Tuliporudi na picha daktari alituonyesha kwenye kompyuta, pingili ya nne na ya tano za kiunoni, pale njia imebanwa inaonekana hata kwa macho yangu mimi. Akasema upasuaji wa kutoa kipande cha mfupa wa nyuma ili neva zipumue utamsaidia kutembea, ila siyo wa dharura, anaweza kuendelea na mazoezi huku akisubiri, akatutajia zile dalili za hatari tena. Alimpa mama nafasi ya kuuliza. Mama akauliza nitaweza kuinama kukatia ng'ombe majani, akajibiwa vizuri kwa kina, nini ataruhusiwa na nini asijaribu mpaka lini. Kwa sehemu hiyo ningewapa nyota 5 bila kufikiri.

Halafu ikaja foleni ya tatu. Karani kaandika jina kwenye daftari, kaandika namba ya simu, kasema tutakupigia. Nikamuuliza kaka, ni kama lini hivi, mwezi, miezi mitatu, mwaka? Tutakupigia. Nikauliza mama ni wa ngapi kwenye hilo daftari, akaniambia haiendi hivyo. Nikauliza nikitaka kujua nimpigie nani, hakuna namba. Na hapa ndo nasema ukweli nimeumia, maana mama ana ng'ombe, ana shamba, sisi watoto tuko kazini, mtu akijua ni mwezi wa tisa anapanga nani atamlea baada ya operesheni, nani atakaa na mifugo, nauli itoke wapi. Ukimwambia tutakupigia unamfungia maisha, anaogopa hata kwenda msiba Rombo asije akaitwa hayupo.

Shemeji yangu yuko Uingereza, nilipomsimulia akasema hata kwao watu wanalalamika vibaya sana kuhusu kusubiri. Ila kule England huduma yao ya afya ya serikali ina kiwango kilichoandikwa, kwamba asilimia 92 ya wagonjwa wenye rufaa isiyo ya dharura wawe wameanza matibabu ndani ya wiki 18. Hawajakifikia tangu 2016, na kila mtu anajua hawajakifikia kwa sababu namba zinatangazwa hadharani kila mwezi. Mimi sitaki tufananishwe kwa hela wala vifaa. Nataka hicho kitu kimoja tu, waandike kiwango, watangaze wako wapi. Hospitali zetu zimebandika mkataba wa huduma kwa mteja ukutani, una maneno mazuri, waongeze mistari mitatu: kutoka rufaa mpaka kumwona bingwa kwa kawaida inachukua muda gani, kipimo muda gani, operesheni isiyo ya dharura muda gani. Na kila mgonjwa aliye kwenye daftari atumiwe meseji hata mara moja kwa mwezi, bado uko kwenye orodha, hali ikibadilika njoo. Kontro namba ya malipo mbona inatumwa kwenye simu dakika hiyohiyo.

Kuna jambo nililisikia kwa wale kina mama wenye watoto, nalitaja haraka. Wengi watoto wao walizaliwa na mgongo wazi au kichwa maji. Dawa ya foliki asidi inapunguza sana uwezekano wa mgongo wazi, ila ule mfereji wa mgongo wa mtoto unafunga ndani ya siku 28 za mwanzo, wakati huo wanawake wengi hata hatujajua tuna mimba. Ukianza kunywa siku ya kliniki ya kwanza umechelewa kwa hilo. Mabinti mnaopanga kubeba mimba anzeni kabla, mikrogramu 400 kwa siku, na aliyewahi kuzaa mtoto wa hivyo anaandikiwa dozi kubwa zaidi na daktari. Na kwa Arusha kuna Plaster House, wanapokea watoto wanaouguza vidonda baada ya upasuaji, wa miguu na hata hawa wa mgongo wazi na kichwa maji, mzazi asiye na pa kufikia aulize ustawi wa jamii wa hospitali wamuunganishe.

Kwa anayeenda wiki ijayo: piga simu hospitali kabla uulize siku ya kliniki ni ipi na kama daktari yupo wiki hiyo, usitegemee ya kuambiwa na jirani. Beba rufaa, kadi ya bima na kitambulisho, beba picha zote za zamani pamoja na CD yake maana karatasi ya majibu peke yake daktari haimtoshi, na andika kwenye karatasi dawa zote mzee anazotumia, hasa za kuyeyusha damu. Beba chakula, mama yangu alishinda kwa chapati na chai ya chupa mpaka saa tisa, kantini ina foleni na ukiondoka namba yako inaweza kuitwa. Beba kitu cha kuegemea kiuno, yale mabenchi ni ya mbao hayana mgongo, na hao wanaokalishwa pale ni wagonjwa wa mgongo. Hilo nalo nawaomba uongozi mliangalie.

Simu ya operesheni bado haijaja. Ikija nitarekebisha nyota na nitaandika imechukua muda gani, na nyie mliopita huko semeni mlisubiri miezi mingapi tangu rufaa mpaka kisu, hospitali msiitaje, tajeni miezi.